Nimeuza nusu dozi kwa miaka 9. Tuzungumze, sisi wa nyuma ya kaunta na nyie wa mbele

NesiMstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nina duka la dawa muhimu hapa Makambako. Anayeijua Makambako anaijua baridi yake na upepo wake. Mei ikiingia mji mzima unakohoa hadi Agosti, na mji ukikohoa, dukani kwangu wateja wote wana wimbo mmoja: "Mama, nipe amoksilini ya elfu moja."

Hasemi "nina kikohozi". Hasemi "mtoto anahema haraka". Anataka ya elfu moja, kama ananunua vitumbua.

Na mimi nauza. Nilikuwa nauza, niseme hivyo. Nakata stripi kwa mkasi, natia kwenye kibahasha, naandika 1x3, anaondoka na kapsuli sita. Dozi ya mtu mzima ya siku 5 ni kapsuli 15, najua fika, nimesomea. Nilijifariji kwamba nisipouza mimi atauza jirani. Na kweli jirani anauza, tena kwa tabasamu kuliko mimi.

Mwaka juzi mama mmoja mteja wangu wa siku zote alikuwa na kidonda mguuni. Alikuja kwangu kila wiki kuchukua kapsuli za "rangi mbili". Sikujua kwamba hazimezi. Alikuwa anazifungua na kumwaga unga kwenye kidonda, kama wafanyavyo wengi, kama alivyofanya mama yangu mzazi. Kilipomshinda akapelekwa hospitali kubwa, wakachukua usaha wakauotesha. Mwanawe akaniletea karatasi ya majibu dukani, akaiweka juu ya kaunta, akaniuliza: "Mama, hizi R zote maana yake nini?"

Zilikuwa R saba. Dawa tisa zilijaribiwa, saba hazimgusi mdudu yule. Ya kwanza kwenye orodha ni ile niliyokuwa namkatia kwa mkasi.

Mama alipona, ila vidole viwili vya mguu alivipoteza. Mwanawe hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sheria inasema antibayotiki ni ya cheti. Lakini maduka yetu haya, yalipoanza Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, yalipewa ruhusa ya kutoa antibayotiki chache za kwenye orodha, maana vijijini famasi ni ndoto. Ruhusa ilikuja na mafunzo: mtoto wa namna gani umpe, wa namna gani umkimbize kituo cha afya. Ruhusa tumeishika kwa mikono miwili. Mafunzo yako kabatini pamoja na cheti chake chenye fremu.

Swali langu kwenu: mteja anapokuja na elfu moja yake, kwa haki kabisa, mimi nimwambie nini? Wenzangu wa maduka, mnafanyaje? Na nyie wateja, mnataka muambiwe nini ili msiende kwa jirani?

---

KitiChaMbele

Naweka jamvi hapa. Uzi wa maana huu, si ule wa jana wa nguvu za kiume.

---

MzeeWaKijiwe

Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta, ila nikuulize kitu. Kwa hiyo maskini afe?

Zahanati ya binafsi kumuona tu daktari ni hela, kipimo hela, dawa bado hujanunua. Ya serikali ni bei rahisi ila nikae foleni toka asubuhi, siku ya kibarua imekwenda, halafu niambiwe dawa hakuna, kanunue. Nanunua wapi? Dukani kwako. Sasa si bora nianzie hapo hapo dukani kwako?

Hiyo elfu moja mnayoicheka ndiyo iliyopo mfukoni.

---

NesiMstaafu (mleta uzi)

Kaka, sijaicheka. Mara ngapi nimeipokea ikiwa ya sarafu tupu.

---

TabibuWaZamu

Shikamoo mama. Mimi ni tabibu kituo cha afya, sitasema wapi. Nimesoma bandiko lako nikaona unajibebesha mzigo wa wengi. Ngoja na mimi nitue wangu.

Kituoni mgonjwa akija na homa, kipimo cha malaria kikisoma hana, mimi nina dakika tano na watu arobaini nje. Naandika nini? Naandika UTI. Mkojo ukipimwa wakiona chembe mbili tatu za usaha, nimeokoka. Wasipoona, kuna Widal, kipimo cha damu cha taifodi, ambacho mtu akiwa amewahi kuchanjwa taifodi au kuugua zamani kinaweza kusoma tu. "Una UTI na taifodi kwa mbali." Nchi hii kila mtu ana taifodi kwa mbali. Namwandikia antibayotiki ya sipro, anaondoka ameridhika, na mimi nimeitwa daktari mzuri.

Sasa mwone ukweli. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2014, wa watoto 1005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Walipimwa karibu kila kitu kinachopimika. Kati ya kila watoto kumi, saba walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa kama mmoja kati ya kumi. UTI haikufika asilimia 6. Taifodi haikufika asilimia 4.

Virusi havisikii antibayotiki hata ukimwaga ndoo. Kwa hiyo wengi wa wale watoto, wangekuja kwangu siku ya foleni, ningewapa dawa ya bure kabisa. Bure kwa maana haifanyi kazi, si kwa maana ya bei.

Na hili tumelitengeneza wenyewe bila kujua. Zamani kila homa ilikuwa malaria, kila mtu anapewa dawa ya malaria. Klorokwini ikachoka, tukaiacha 2001. SP nayo ikachoka, 2006 tukahamia dawa mseto. Kisha kikaja kipimo cha haraka, tukagundua wengi hawana malaria. Vizuri. Lakini mgonjwa asiye na malaria hawezi kuondoka mikono mitupu! Lile pengo tukalijaza na antibayotiki. Tuliacha kuchosha dawa moja tukaanza kuchosha nyingine.

Kwa hiyo MzeeWaKijiwe yuko sahihi kwa jambo moja: kuja kwangu si dawa ya kila kitu. Ukija kwangu nikiwa nimechoka unaweza kupewa dawa kali kuliko ya dukani kwa mama.

---

BabaJunior_

Tabibu umenigusa. Mke wangu ameandikiwa UTI mara ya tano mwaka huu. TANO. Kila mara dawa inapanda ngazi: ameanza na vidonge, akaja sipro, akaja azithro, mwezi uliopita sindano za ceftriaxone siku tano. Nafuu wiki mbili, maumivu yanarudi. Nimeanza kufikiri mengine, Mungu anisamehe. Ndani ya nyumba kumekuwa na maneno. Nifanyeje?

---

MaabaraKimya

Ndugu BabaJunior, kabla hujafikiri mengine: kuna siku hata moja mkojo wake umeoteshwa? Sisemi kupimwa kwa kile kijiti au kuangaliwa kwa darubini. KUOTESHWA. Unaweka mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unaacha usiku kucha kwenye joto la mwili, kesho unaona nani ameota na wangapi. Akiota unamwekea vidonge vidogo vya dawa mbalimbali kumzunguka. Dawa inayomuweza inaacha duara tupu, isiyomuweza bakteria wanaikaribia kama jirani. Hapo ndipo zinapotoka zile S (dawa inamuweza) na R (haimuwezi, ni sugu) za karatasi ya mama mleta uzi.

Majibu ni siku 2 hadi 3, hakuna njia ya mkato. Hospitali za rufaa na za kanda wanafanya, na baadhi ya za mikoa. Kazi yangu ni hii, na nikwambie ukweli: kuna wiki nakaa na sahani zangu hakuna anayeleta sampuli. Wanakuja mgonjwa akishameza dawa nne, ya tano ndiyo wanakumbuka kuna maabara. Mkojo wa mtu anayetumia antibayotiki unaweza usioteshe kitu hata kama bakteria wapo, wamelewa tu.

Kwa hiyo asiwe kwenye dawa anapotoa. Akojoe kidogo kwanza, mkojo wa katikati ndio aukinge kwenye kikopo safi cha maabara. Chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa USILETE, nimechoka kuotesha Kilimanjaro.

---

BabaJunior_

Hajawahi. Sikujua hata kama kuna kitu hicho. Amemaliza zile sindano wiki ya tatu hii. Jumatatu tunakwenda.

---

WaKisauni

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu duka la dawa twaita kemisti, lakini mambo ni yayo kwa yayo. Nyanya yangu ana mkebe wa biskuti juu ya kabati, ndani yake nusu stripi za kila rangi. Mjukuu akikohoa, mkebe washuka. Jirani akiumwa jino, mkebe washuka. Amoksilini ya marehemu mjomba bado imo, na mjomba tulimzika mwaka wa nne huu. Ukimwambia hizi zimepitwa na muda asema "dawa haiozi, si samaki".

Nimesoma bandiko la mwanzo nikaenda kuuangalia mkebe. Nimehesabu aina kumi na moja.

---

KukuWaKitonga

Mimi nafuga broila, nina 600. Nimeingia hapa kwa sababu mtu alinitag akisema sisi wafugaji ndio tumeharibu. Nitasema ukweli wangu mtanitukana baadaye.

Kifaranga cha siku moja kikifika, maji yake ya kwanza yana OTC, antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Siku tatu za mwanzo. Hajaumwa, ni "kinga". Nilifundishwa hivyo na aliyeniuzia vifaranga, naye alifundishwa na aliyemuuzia dawa. Akianza kukoroma, tylosin, antibayotiki nyingine. Kuhara, OTC tena yenye vitamini. Na siku ya soko haisubiri: mwenye hoteli anapiga simu anataka 100 kesho, wakati jana nimewapa dawa. Pakiti inasema subiri siku kadhaa kabla ya kuchinja. Mwenye hoteli hasomi pakiti.

Niliacha kwa hasara, si kwa wema. Mwaka jana kideri kiliingia bandani. Nikamwaga antibayotiki za laki na zaidi, kila siku naokota mizoga kwa toroli. Ndipo bwana mifugo akaja akaniambia, bwana wewe, kideri ni kirusi, umekuwa unanyunyizia maji moto wa petroli. Kinga yake ni chanjo. Kwa kuku wa kienyeji ipo ile ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Kibaha, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, bei yake hata soda haifiki kwa kuku mmoja. Broila nao wana ratiba yao ya chanjo. Nilikuwa naikwepa ili kuokoa hela, halafu natumia mara kumi kwenye OTC.

Sasa hivi nachanja, nabadilisha maranda, mlangoni nimeweka beseni la dawa ya kukanyaga. OTC ya "kinga" nimeacha. Vifo havijaongezeka. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi: miaka yote ile nilikuwa nalipia nini?

---

TabibuWaZamu

Kuku, hakuna wa kukutukana. Ila angalia pakiti za mifugo ukiona imeandikwa colistin, iache dukani. Hiyo kwa binadamu ni dawa ya mwisho kabisa ya akiba, tunaifuata wakati nyingine zote zimegoma. Mwaka 2015 China waligundua bakteria wa nguruwe, nyama na watu wenye kipande cha vinasaba kinachowakinga na colistin, na kipande hicho kinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Baada ya hapo kiligundulika nchi nyingi. China wenyewe wakaipiga marufuku kwenye chakula cha kunenepesha mifugo.

---

BintiWaAarhus

Naishi Denmaki mwaka wa saba. Mwanzoni nilidhani madaktari wa huku wana roho mbaya. Mtoto ana homa siku ya tatu, koo jekundu, daktari anamchoma kidole, tone la damu kwenye mashine ndogo pale pale mezani, kipimo cha CRP cha kusaidia kujua kama ni bakteria, dakika chache, ananiambia: ni virusi, mpe maji, mpe parasetamoli, akizidiwa nipigie. Nikatoka nalia. Nikampigia mama Tanga anitumie amoksilini kwa mtu anayesafiri! Mtoto alipona siku ya tano kabla hata begi halijafungwa.

Ila kuna jambo sijaona mkilisema. Huku katikati ya miaka ya 1990 madaktari wa mifugo walibanwa wasipate faida kubwa kwa kuuza dawa wanazoandika wenyewe. Faida ilipopungua, na matumizi yalipungua. Sasa zahanati zetu nyingi za binafsi, anayeandika dawa na anayeuza dawa ni mfuko mmoja. Mnategemea nini?

---

MzeeWaKijiwe

Huyu wa Denmaki ameongea. Siku nyingine mje mnielimishe mimi maskini, lakini anzeni na mwenye zahanati.

---

MwalimuWaSayansi

Nina swali linanitatiza. Darasani nafundisha "maliza dozi hata ukipata nafuu". Hapa mama anajilaumu kwa kuuza sita badala ya 15. Lakini tabibu anasema wengi hawakuhitaji hata moja. Aliyekunywa 15 bila sababu na aliyekunywa sita bila sababu, nani ameharibu zaidi?

---

TabibuWaZamu

Mwalimu, swali hili lilinikosesha usingizi. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba ule msemo wa maliza dozi hauna ushahidi mzito kama tulivyoaminishwa. Niliposoma nilikasirika, nimeusema miaka yote. Nikasoma mara ya pili.

Dhana yetu ya zamani: ukikatiza, wanabaki bakteria wenye nguvu wa ugonjwa ule, wanarudi sugu. Kwa TB hilo ni kweli tupu, usiguse. Bakteria wa TB wanabadilika ndani ya mgonjwa mwenyewe, ukikatiza au ukitumia dawa moja badala ya mchanganyiko unatengeneza TB sugu, waulize hospitali ya TB ya Kibong'oto. TB ni miezi uliyoandikiwa mpaka kidonge cha mwisho.

Lakini bakteria wengi wanaotusumbua, hawa wa mkojo na vidonda, kwa kawaida wanaishi nasi bila ugomvi. Tumboni, kwenye ngozi, kooni. Umemeza amoksilini kwa ajili ya kifua, lakini dawa haijui anuani, inapita mwili mzima. Huko tumboni wanyonge wanakufa, sugu wanabaki na nafasi ya kuzaana. Na bakteria wana tabia hii mbaya ya kugawiana silaha, hata wasio wa ukoo mmoja. Siku moja yule sugu wa tumboni anaingia kwenye njia ya mkojo, au kwenye kidonda. Kwa hiyo kila siku ya dawa isiyo na kazi ni siku ya kuchuja wabaya wabaki.

Ndiyo maana miongozo inafupishwa. Nimonia iliyotibiwa siku 7 hadi 10 zamani, leo ya kawaida ni siku 5. Jibu lako basi: kama wote wawili hawakuhitaji, wa 15 ameharibu zaidi. Kama wote wana nimonia, wa sita anaweza kufa.

Ninachowaambia wagonjwa sasa: kunywa kama ulivyoandikiwa, usijipunguzie. Ukipata nafuu mapema njoo tuzungumze. Na kabla ya yote niulize, "daktari, hii ni ya bakteria kweli?" Nitanuna, lakini niulize.

---

NesiMstaafu (mleta uzi)

Tabibu mwanangu, umenivuruga kisha umenipanga. Kumbe nilikuwa na makosa mawili nikiyaita moja. Kumuuzia sita mwenye mafua, na kumuuzia sita mwenye nimonia. Wa kwanza nilipaswa kumnyima, wa pili nilipaswa kumpa zote au kumkimbiza hospitali. Na mimi wote wawili niliwakatia kwa mkasi ule ule.

Basi nieleze ninavyofanya siku hizi, nilikuwa nasita maana sio kitu cha kujisifia.

Neno "hapana" nimeacha. Hapana inampeleka kwa jirani. Nasema "kaa". Nina vigoda viwili mbele ya kaunta, nilinunua kwa fundi hapa sokoni. Mtu akishakaa ameacha kuwa mteja amekuwa mgonjwa, anasimulia mwenyewe. Mtoto nampandisha nguo, natazama kifua, nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Mwenye miezi miwili hadi chini ya mwaka, pumzi 50 na zaidi ni nyingi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 na zaidi. Zikizidi, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo, anapata amoksilini yake ya kuyeyusha ya siku 5 zote, hata kwa deni. Mbavu zikiingia ndani, hanyonyi, au amelegea, simuuzii kitu, namtafutia bodaboda.

Asipokuwa na hayo, ana mafua. Mwenye kuhara anapata ORS na zinki ya siku 10 hadi 14, si flajili. Mtu mzima namwambia chai, parasetamoli, asali na limao (asali asipewe mtoto chini ya mwaka). Halafu, hili ndilo limefanya kazi kuliko yote, naandika jina lake kwenye daftari: "Alhamisi pita nikuone, hata kama umepona pita unisalimie." Mtu akiandikwa kwenye daftari anaona ametibiwa. Alhamisi wengi wanapita wamepona, wananunua sabuni.

MzeeWaKijiwe, faida ya ORS ni ndogo, sitakudanganya. Kodi ya fremu haijui usugu. Kuna mwezi nilikopa kwenye VICOBA kulipa umeme.

---

MzeeWaKijiwe

Kwa hiyo unapoteza?

---

NesiMstaafu (mleta uzi)

Miezi ya mwanzo nilipoteza. Sasa kuna wanaokuja kwangu kwa sababu nahesabu pumzi. Siwezi kusema nimetajirika.

Na hapo VICOBA ndipo nilipojifunza kufundisha. Nilisimama nikaanza na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, nikaona macho yanafunga. Mmoja akasema, "Mama, tunajua, mwili ukizoea dawa haisikii." Wengine wote wakaitika. Nikashtuka: miaka yote hii watu wanadhani anayezoea ni MWILI. Kama ni mwili wangu, basi shida ni yangu peke yangu, nibadilishe tu dawa. Na wanabadilisha kweli, kama mke wa BabaJunior.

Nikawauliza: nani nyumbani kwake kuna kunguni? Kicheko, mikono haikupanda, lakini wote walinielewa. Dawa ile ya kunguni ya mwaka ule ilikuwa inaua? Ilikuwa inaua. Leo? Wanaogelea! Kitanda kimezoea dawa, au kunguni? "Kunguni!" Na kunguni wa kwako akihamia kwa jirani ambaye hajawahi kupuliza dawa, atakufa kwa dawa ya jirani? Kimya. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Kwa hiyo mwanangu anaweza kupata mdudu sugu wakati hajawahi kumeza kidonge."

Sijawahi tena kutumia mfano mwingine.

---

MwalimuWaSayansi

Kunguni nawachukua kwenda darasani Jumatatu. Kwa ruhusa yako.

---

KitiChaMbele

Beba tu mfano, wenyewe waache hosteli.

---

MaabaraKimya

Mama, kuna kisa kimoja kinafanana na chako. Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Nobeli mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja wa kufikirika. Bwana anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo, haitoshi kuwaua bakteria ila inatosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe. Mkewe anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Aliyemeza ni mume, aliyekufa ni mke. Ni kunguni wako hao hao.

Sasa takwimu: mwaka 2019 duniani vifo milioni 1.27 vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu, na milioni 4.95 vilihusishwa nao. Kusini mwa Sahara ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2024 mataifa yalikubaliana New York kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo 2030, na kwamba asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa watu ziwe za lile kundi la kawaida, kama amoksilini na doksisaiklini, badala ya lile la tahadhari. Ceftriaxone, sipro na azithro ziko tahadhari. BabaJunior, hesabu za mkeo ngapi ni za tahadhari.

---

WaKisauni

Taarifa ya mkebe: nimemwambia Nyanya habari ya kunguni. Amefikiri, akasema "sasa mjomba wako yuahusika vipi?" Lakini ameniruhusu nitoe zilizopitwa na muda. Zilizobaki ameficha.

---

BabaJunior_

Wakuu nimerudi. Jumatatu tulikwenda, mkojo ukachukuliwa kama alivyoelekeza MaabaraKimya, majibu tumepata leo.

Hakuna kilichoota. Karatasi imeandikwa hakuna uotaji baada ya saa 48. Hakuna S, hakuna R, hakuna kitu.

Daktari wa pale amemuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Amemwambia kwa zile antibayotiki zote fangasi hawezi kukosa, na maumivu yenyewe inawezekana si ya mkojo kabisa. Wamempa miadi kwa daktari wa wanawake Alhamisi. Kwenye gari mke wangu hakuzungumza mpaka tumefika. Kisha akasema, "Mara tano."

Nimemuomba radhi kwa yale maneno ya ndani ya nyumba.

---

NesiMstaafu (mleta uzi)

Afadhali baba. Alhamisi nenda naye, usimwache aende peke yake.

---

BabaJunior_

Nitakwenda. Mama, swali dogo. Kwenye droo kuna azithro mbili na sipro saba zimebaki za awamu zilizopita. Nizitupe chooni?

---

NesiMstaafu (mleta uzi)

Chooni hapana, na jalalani hapana, watoto na kuku watazila. Zirudishe famasi au kituo cha afya kilicho karibu uwaombe waziweke na dawa chakavu. Mimi hapa nina ndoo yenye mfuniko kwa kazi hiyo, mfamasia wa wilaya akipita anaikuta.

---

KukuWaKitonga

Mama, hiyo ndoo yako inapokea na OTC ya kuku? Nina debe.